Pembe za Baiskeli Yangu Zimepona

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Busia, upande wa Uganda, na moyo wangu ndio kwanza unatulia. Ile baiskeli yangu ya mashindano ya triathlon nilimwachia fundi aniinulie kiti na kubadilisha breki, nikaenda kula samaki. Unazikumbuka zile pembe mbili za mbele, ninazolazia viwiko nikikata upepo? Hapa baiskeli zinabeba watu na magunia, kwa hiyo fundi alizitazama akaona ajali. Niliporudi nilimkuta anapuliza makaa.

“Pole sana, dada,” akaniambia. “Lori ilikunja hii usukani, lakini nanyoosha sasa hivi.”

Nilipiga yowe soko zima likageuka! Pembe ni za kaboni, moto ungezimaliza. Nilipopanda nikamwonyesha ninavyoinama, alicheka mpaka akakaa chini. Kiti amekiweka vizuri, goti haliniumi tena, na kesho nashindana Tororo.

Jambo moja tu lilimkera: haina keria, kile kibebeo cha nyuma. “Sasa mama yako utabeba wapi?”

Basi nikimaliza mashindano ataifunga keria, na mto wake wa kukalia nimechagua mwekundu. Jumapili usitafute boda ya kwenda kanisani.

Binti yako,
Nekesa