Bakuli Mbili za Saa Saba

3 Februari

Binti yangu Chiriku,

Hujambo? Huku mimi na kiti changu hatujambo. Goti linalia nikipanda ngazi, nikishuka linanicheka, lakini usijali, tumeshazoeana.

Stesheni wameniaga. Miaka thelathini na minne nimepanga ratiba za treni ambazo wengine walipanda, na juzi makarani wenzangu wamenisimamisha katikati ya chumba, wakanipigia makofi, wakanipa bahasha. Nikadhani ni kadi. Kumbe tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, mpaka hapo ulipo! Yule dada wa dirisha la tiketi alilia kabla yangu.

Basi nakuja Asia, mwanangu. Siku tatu tu, tarehe kumi na nne mpaka kumi na sita Aprili. Unatembeza wageni kila siku, sasa nitembeze na mimi. Nataka kuuona huo mnara, mto, soko, na kula. Hasa kula. Tangu mama yako atutoke nakoroga uji na kuuita chakula. Nipangie ratiba yenye saa na dakika, unanijua.

Na jambo moja. Shikamoo za karatasi nimezichoka, mwaka wa nne huu. Safari hii nataka ya mdomo.

Baba yako,
Mzee wa Ratiba


21 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima na goti limepunguza kiburi. Mimi sijambo kabisa. Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Wasalimie wote wa stesheni, na huyo dada mpe pole ya machozi.

Haya, ratiba. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, mnara. Juu kabisa kuna vioo na unaona mji wote. Ukishuka, dakika kumi kwa miguu upo soko la samaki, unakula tambi za moto hapo hapo umesimama. Siku ya pili, hekalu lenye paa jekundu na bustani ya maua meupe, kisha mashua mtoni. Siku ya tatu bado naifikiria.

Hewa ni nzuri wakati huo. Njoo na sweta.

Mwanao,
Chiriku


12 Machi

Binti yangu,

Marahaba, ya karatasi.

Sasa wewe! Nimekwenda maktaba nikaomba ramani ya mji wako, nikachukua rula. Mnara uko ng'ambo hii ya mto, soko liko ng'ambo ile, na daraja liko huko juu, kilomita sita nzima. Dakika kumi kwa miguu? Unatembea juu ya maji siku hizi? Hao wageni wako wanarudi makwao wakiwa hai kweli? Ningepanga treni hivyo wangenifukuza wiki ya kwanza.

Nakutania tu. Kila barua yako nawasomea wachukuzi wa stesheni kwa sauti, na hii ya mnara wameniomba niirudie. Wanasema binti wa Mzee wa Ratiba ameuweka mji mzima mfukoni.

Kuhusu kula, nitafutie chenye mifupa. Unakumbuka mama yako? Akikuta sahani yenye mifupa iliyopangwa ukingoni mmoja mmoja, kama askari kwenye gwaride, hakuwa na haja ya kuuliza nani amekula. Nitaipanga na huko, wanishangae.

Baba yako,
Mzee wa Ratiba


29 Machi

Baba,

Hii siitumi. Naiandika nyuma ya karatasi za oda, nimekalia gunia la mchele, kwa sababu nisipoisema mahali nitapasuka.

Sijawahi kumtembeza mgeni hata mmoja. Naosha vyombo. Chumba cha kuoshea kiko chini ya mkahawa, ngazi kumi na nane kwenda chini, na tunalala chumba cha pembeni yake, wanawake sita. Pasipoti zetu ziko kwenye droo ya meneja tangu siku tuliyofika. Simu pia. Ndiyo maana nakuambia napenda barua. Kuna kaka mmoja anayehudumu mezani, ananipokelea kwenye sanduku lake la posta na kuziingiza kwenye soksi.

Mji huu siujui, Baba. Naujua kwa picha za kalenda iliyotundikwa juu ya sinki. Mnara ni mwezi wa tano na soko ni mwezi wa sita. Zilifuatana, nikadhani ni majirani.

Nimemwomba meneja siku moja. Moja tu, nimesema baba yangu anakuja. Amecheka. Amesema kibali changu kimekwisha zamani, nikitoka nje polisi wananichukua. Nikikwambia wewe, najua utakuja kugonga mlango wake kwa ngumi mpaka wakufunge na wewe. Na wachukuzi je, utawasomea nini?

Nimewaza hivi. Ukila hapa, vyombo vyako vitashuka kwa lifti ndogo mpaka mikononi mwangu. Nitaiona mifupa. Nitajua ulikuwa juu ya kichwa changu, ukashiba. Sina kingine.


30 Machi

Shikamoo Baba,

Sijambo, na nimecheka mpaka basi. Umenikamata! Haraka yangu tu. Siku ya kwanza basi panda mnara tu, soko tulihamishie siku ya pili baada ya mashua.

Ila Baba, Aprili ni msimu wa wageni. Nikiitwa kwenda nao mbali, usinisubiri popote, zunguka tu, kula. Lakini siku ya tatu, saa saba kamili mchana, usikose mkahawa ambao anwani yake nimeiandika hapa chini. Agiza supu ya mbavu. Ile tafadhali usiikose hata ukiwa umechoka. Nitakuwepo.

Mwanao,
Chiriku


15 Aprili

Chiriku,

Nakuandikia kwenye kadi ya hoteli, nitamwomba mhudumu wa mapokezi aiposti. Nimefika salama. Jana pale wanapotokea abiria palikuwa na watu wenye vibao vya majina. Nimevisoma vyote, nikarudia.

Sawa, umeniambia nisisubiri. Mnara nimepanda. Vioo vipo kweli. Nilikuwa natafuta nyumba yako nikakumbuka sijui iko upande gani. Tambi nimezionja, nimewaachia nusu.

Kesho saa saba.

Baba


3 Mei

Binti yangu,

Nimerudi. Mwili ni mzima.

Nilifika mkahawani saa saba kasoro dakika kumi. Uliandika utakuwepo, na wewe hukuwahi kunidanganya. Nikaagiza supu mbili, yako na yangu, ili ukifika usikute yangu imepoa na yako haijaja. Zikaletwa kwenye bakuli za buluu, nikaziangalia. Saa saba na nusu. Saa nane. Nilimwonyesha kijana wa mezani picha yako. Akaitazama, akatupia jicho kaunta, akatikisa kichwa.

Saa tisa nikawaambia waziondoe. Sikugusa hata kijiko. Ningekulaje mbele ya kiti kitupu?

Nimefikiri sana ndegeni. Labda uliniona kwa mbali na koti langu kuukuu, ukageuka. Labda una watu wa maana huko, na mzee wa kupanga treni anakuaibisha. Kama ni hivyo ungesema tu, mwanangu, ningekaa nyumbani na uji wangu. Wachukuzi waliponiuliza nimewaambia tulikula pamoja. Nimewadanganya watu wazima, mimi.

Sitakuandikia tena mpaka uwe na neno la kuniambia.

Baba yako


28 Mei

Baba,

Nimeitoa gizani barua niliyoandika tarehe 29 Machi. Nimeikunja ndani ya hii. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma. Sasa unajua. Si koti, Baba. Wallahi si koti.

Kaka wa mezani ndiye yule wa barua. Alinijua kwenye picha, ila meneja alikuwa kaunta. Ameniambia juzi, nilipomsomea barua yako, na alishindwa kunitazama.

Siku ile kuanzia saa saba kila sahani iliyoshuka niliishika kwa mikono miwili. Mifupa ilikuja imetupwa ovyo, imefungwa kwenye karatasi, imetafunwa. Ya gwaride haikuja. Nikasema amekasirika, hakuja, hata supu ameninyima.

Saa tisa zikashuka bakuli mbili za buluu, zimejaa mpaka juu, zimeganda mafuta. Kinachorudi tunaruhusiwa kula, mradi tuwe tumesimama. Sikuwa nimekula tangu jana yake kwa wasiwasi wa kukusubiri. Moja nikampa mwenzangu. Nyingine nikainywa yote, baridi hivyo hivyo, huku nikimshukuru huyo mgeni asiye na njaa.

Nilipomaliza niliipanga mifupa ukingoni, mmoja mmoja, kama unavyofanya wewe. Ilikuwa saba. Niliitazama kidogo, kisha nikaimwaga, nikaosha bakuli.

Shikamoo Baba.

Mwanao