Kura Isiyotoka Nanyuki

Majengo, Nyeri
4 Machi 1968

Mwanangu Athman,

Salamu zikufikie huko Nanyuki kwenye baridi yenu ya mlima. Mimi nipo. Goti ndilo linalolalamika, lakini goti hilo lilianza kabla hujazaliwa, kwa hiyo tuliache. Wewe unakula? Aliyekuona kwenye soko la ng'ombe anasema umekonda ukawa kama ufito.

Nina jambo. Chama chetu cha mtaa kinataka kuivunja nyumba hii aliyoijenga marehemu baba yako, kijenge maduka ya kupangisha. Kiwanja ni cha chama, hilo silikatai. Lakini Abdulatif, mwenyekiti, amekuja mwenyewe, akanywa chai yangu, akaniambia nitatafutiwa chumba mahali. Mahali wapi? Akasema, mahali tu. Miaka hii yote maiti za wanawake wa mtaa huu naziosha mimi, nyuma ya nyumba hii hii. Mama yake Abdulatif nilimwosha mimi.

Kura ni Ijumaa tarehe 29, baada ya sala. Mimi siruhusiwi kupiga kwa sababu shauri ni langu. Wewe una kiti cha baba yako. Walio mbali hupiga kwa barua, nazo husomwa mbele ya watu wote. Andika kwamba hukubali.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanabibi

Nanyuki
12 Machi 1968

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi niko sawa, na si kukonda, ni kutembea na ng'ombe kutoka Isiolo.

Barua yako imenichoma. Lakini shangazi, hali yangu unaijua. Mzee Bile ndiye aliyenifundisha kazi ya mifugo, na sasa amekubali nimwoe binti yake Kaltun. Bile na Abdulatif ni kitu kimoja, ati hata ndugu yake Bile ameshatengewa duka moja. Ijumaa hiyo Bile atakuwa Nyeri. Akisikia barua yangu inasomwa kwamba nakataa, ndoa imekwisha. Na wewe nawe siwezi kukupigia kura ya kukutoa nyumbani.

Basi nimeona nikae kando. Sitaandika kitu. Walio hapo wataamua wenyewe, na mimi sitakuwa nimemkosea mtu. Tafadhali usinikasirikie.

Mwanao,
Athman

Majengo, Nyeri
16 Machi 1968

Athman,

Nimeamka salama, Mungu ashukuriwe. Goti usiliulize.

Kukaa kando gani huko? Umesahau kanuni ya chama? Aliye mbali asipojibu, anahesabiwa pamoja na waliokubali. Baba yako mwenyewe ndiye aliyeileta. Wenye mifugo walikuwa wakipotelea Isiolo miezi, mashauri yanakwama, akasimama akasema: mwari akiulizwa kama amemkubali mume akanyamaza, si tunasema amekubali? Basi na hawa iwe hivyo hivyo. Watu wakacheka, ikapita. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nikacheka nao. Mjinga mimi.

Kwa hiyo kunyamaza kwako ni kura, na inaniangukia mimi.

Sasa nisikilize vizuri. Nimetembea nyumba kwa nyumba na goti hili hili, najua nani yuko wapi. Wanaokubali na wanaokataa wako sawasawa, na kura zikilingana nyumba inabaki. Sikuombi tena ukatae. Andika tu, "Mimi Athman bin Dawud nakaa kando," basi unatolewa kwenye hesabu kabisa. Maneno hayo hayampingi Bile wala hayanifukuzi mimi. Andika hata nyuma ya pakiti ya sigara, watayasoma.

Shangazi yako,
Mwanabibi

Majengo, Nyeri
25 Machi 1968

Mwanangu,

Hujambo? Salamu ndefu leo sina, utanisamehe. Posta siiamini tena. Barua hii nampa Waithira, jirani yangu, anakwenda Nanyuki kwa dada yake na amesema atakutia mkononi mwenyewe. Mpe ule mstari mmoja arudi nao.

Mtu akipita hapo nje nasimama kutazama kama ni aliyetumwa na wewe. Nakuogopa, Athman. Sikuwahi kufikiri kwamba wewe utakuwa mtu wa mimi kumwogopa.

Shangazi yako

Majengo, Nyeri
30 Machi 1968

Athman,

Waithira anasema alikukuta zizini, ukaisoma mbele yake, ukaikunja, ukamwambia jibu utalituma kwa basi.

Jana nilikaa upande wetu wa pazia. Barua ya Mweiga ikasomwa. Ya Kiriaini ikasomwa. Kura zikalingana, kama nilivyokuambia. Abdulatif akauliza, Nanyuki je? Karani akasema hakuna kitu. Bile alikuwa ameketi mbele na hata hakugeuka. Ukahesabiwa kwa waliokubali, wakasoma Fatiha, wakatoka kuvaa viatu.

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi wa nne.

Mwanabibi

Nanyuki
2 Juni 1968

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimesikia uko Mweiga kwa wazazi wa Waithira, na kwamba mvua huko haikuwa na huruma. Goti linaendeleaje?

Nilikuwa nimeandika, naapa. "Mimi Athman bin Dawud nakaa kando." Nikafika nayo hadi kwenye basi la asubuhi, nikamkuta mzee Bile ameshaketi kiti cha mbele. Akaniuliza, hiyo barua inakwenda wapi? Nikasema haiendi popote. Basi likaondoka. Nimekuwa nikiona aibu tangu siku hiyo, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Ndoa ni Jumamosi tarehe 29 mwezi huu. Mama sina, unajua, na wanawake wa kwa Bile wanauliza nani atampokea bibi harusi. Njoo ukae mahali pa mama. Hakuna mwingine ninayemtaka hapo. Najua umekasirika, na kama kuandika ni kuzito, usijisumbue kujibu. Nitaleta gari Mweiga asubuhi hiyo. Nisipopata barua nitajua umekubali.

Mwanao,
Athman

Mweiga
7 Juni 1968

Mwanangu Athman,

Marahaba, na marahaba tena. Goti limevimba, baridi ya huku si mchezo. Jikoni kwa kina Waithira kunavuja, lakini mama yake amenipa kitanda kilicho karibu na moto, na asubuhi tunamenya viazi tukimsema kila mtu. Juzi walinifuata kutoka Majengo nikamwoshe shemeji yake Abdulatif. Nikaenda. Tulimwosha uani kwa watu, wamefunga shuka kuzuia macho, kwa sababu pale nilipokuwa nikioshea, nyuma ya nyumba yetu, pameshachimbwa msingi.

Umeniambia kweli kuhusu basi, na nimekuamini. Nilikupokea ukiwa hujaota jino, na ninakupenda leo kama siku ile. Kaltun sina neno naye. Mpe salamu zangu, na umwambie nimemwombea watoto.

Lakini sitakuja. Usilete gari, litarudi tupu mbele ya watu wa Mweiga na aibu itakuwa yako. Nasema hapana, Athman. Waithira anaipeleka barua hii posta leo hii, ikufikie mapema, na ukitaka msomee Bile.

Nimelia nikiiandika. Na nimeiandika.

Shangazi yako,
Mwanabibi