Herufi za Kusomwa Umesimama

Papa Bahati,

Nimerudi sasa hivi kutoka Munigi, nimekaa kwenye meza yako ofisini hapa Murara. Msingi wa maternite, ile nyumba ya kuzalia, umepimwa. Uko sawa, kila upande. Nimepumua, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ilibaki kidogo niharibu. Tangu tukuzike nachora peke yangu kwa ordinateri, ile kompyuta. Kwa ramani ya maternite nilichagua herufi nyembamba, za milimita moja na nusu, ili vipimo vyote viingie kwenye karatasi moja kubwa. Ilipendeza! Nikasahau kwamba mafundi hawabebi karatasi kubwa. Wanaipunguza kwa fotokopi, wanaikunja mara nne, wanaitia mfukoni pamoja na tumbaku.

Siku moja kabla ya kuituma nilikuwa napekua daftari langu la kila siku, nikakuta siku tuliyogombana. Uliitupa ramani yangu sakafuni, ukasimama juu yake, mikono mgongoni. "We mama, umeandikia siafu? Fundi hapigi magoti mbele ya plan." Nikakujibu mbele ya wateja, "Muzee, herufi zako ni za tangazo la kanisa." Ulicheka. Mimi sikucheka. Halafu ukaugua, na sikupata kukuomba radhi.

Basi nikafanya kama wewe. Nikaipunguza kwenye ile mashine yenye wino hafifu, nikaiweka chini, nikasimama. Papa, sikuweza kujua kama chumba cha kuzalia ni mita 3,30 au 3,80. Na kule ni mawe ya volkano tupu. Kuchimba upya ni siku nyingi za nyundo, na wamama wangeendelea kuzalia chini ya bashe, yale maturubai.

Nikaanza upya. Herufi nene, wazi, zisizo na mikia. Vipimo milimita tano, majina ya vyumba milimita saba. Hazikuenea. Nikagawa karatasi mbili, kama ulivyokuwa unafanya huku mimi nanung'unika.

Leo fundi Kambale alikuwa amesimama juu ya rundo la mawe, fotokopi iko miguuni pake, anasoma vipimo kwa sauti bila kuinama hata mara moja. Akaniuliza, "Hii ni ya muzee?"

Nikamwambia ndiyo.

Pumzika, Papa. Nisamehe yale maneno. Hakuna ramani itakayotoka humu kabla sijaiweka sakafuni, pale pale ulipoitupa yangu.

Mwanafunzi wako,
Furaha