Nyasi za Upande wa Chini

Chuoni, 9 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mdogo wangu Glorious hamjambo, na kahawa mmeanza kuchuma. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu, tukifika kwenye habari za marehemu baba, wote wawili tunanyamaza mpaka salio linakwisha, na leo siwezi kumkwepa.

Ripoti yangu ya utafiti imekataliwa. Ni ile ya ngolo zetu, yale mashimo ya mteremkoni. Mwaka huu kuna utaratibu mpya. Walimu ni wachache na sisi tumejaa, kwa hiyo kila ripoti inapita kwanza kwenye kompyuta, nayo ndiyo inayosema kama kazi ni ya mwanafunzi au imeandikwa na akili mnemba. Yangu imeambiwa si yangu. Mwalimu wangu, Dk. Zabron, alipoifungua akakuta na jambo jingine. Mashimo ya juu yana upana mmoja. Ukifika katikati ya shamba upana unapungua ghafla, na unabaki hivyo hadi chini. Akaniuliza, "Vitalia, vipimo hivi umevitoa shambani au umevitunga?"

Nilivipima mwenyewe, mama, likizo ile baada ya msiba. Upana wa shimo hufuata nyasi zilivyolazwa, lakini kwa nini unabadilika pale katikati, sijui. Nitaitwa mbele ya jopo. Nikishindwa kueleza nafukuzwa, na huu ni mwaka wa mwisho.

Mama, nani alilaza nyasi za upande wa chini?

Mwanao,
Vitalia


Litembo, 17 Juni 2025

Mwanangu Vitalia,

Marahaba. Sisi hatujambo. Glorious amepona mafua, sasa anakohoa kwa makusudi ili asiende kuchuma. Barua yako imeletwa na bodaboda kutoka Mbinga. Jamaa akaniambia, "Mama Vitalia, siku hizi nani anaandika barua? Umepata mchumba?" Nikamwambia ndiyo, tena ana nywele nyingi kuliko wewe.

Nyasi za chini nililaza mimi.

Unajua kazi yetu ilivyo. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari mpaka zinakuwa vyumba vyumba. Mwanamke anakuja nyuma yake, anachimba udongo katikati ya kila chumba na kuzifunika. Ndivyo tulivyofanya mimi na baba yako tangu nilipoolewa huku. Mwaka ule alifika katikati ya shamba, akakaa juu ya nyasi, akasema jua ni kali. Jua halikuwepo. Tukampeleka hospitali. Mvua zilikuwa zinaishia na maharage hayasubiri mgonjwa. Nikakuambia kwenye simu shamba limekwisha, ili usome kwa amani. Hukuuliza limekwishaje, nami sikusema.

Baba yako alikuwa anapima mistari kwa fimbo yake ya mwanzi. Fimbo hiyo alikuwa nayo wodini, akiiegemea kwenda msalani, nisingeweza kumnyang'anya. Kwa hiyo nilipima kwa mikono yangu. Nilikuwa nainyoosha, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama tulivyopima kamba za nyavu kwa babu yako kule Liuli, ziwani. Nilipomsimulia baba yako alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. "Wewe Mnyasa, unanitegea samaki mlimani!" Ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Waambie hivyohivyo. Hakuna aibu.

Mama yako


Litembo, 8 Julai 2025

Mwanangu Vitalia,

Hujambo? Unakula? Napiga simu yako, haipatikani. Nimemwomba Glorious apige na ya kwake, haipatikani vilevile.

Kama wamekufukuza, njoo. Kitanda chako nimekitandika lile shuka la maua. Hutaulizwa kitu.

Mama yako


Chuoni, 14 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe sana. Walipokaa kuamua nilizima simu. Niliogopa kusikia sauti yako kabla sijapata jibu. Shuka la maua liache palepale, nitakuja kulilalia, ila kwa likizo tu. Ripoti imepita.

Walikuwa watatu, Dk. Zabron mmoja wao. Mwenyekiti ni mama mmoja wa miwani, hacheki. Nikaeleza yote, mpaka kamba za nyavu. Akanisikiliza, akasema, "Hadithi nzuri, binti. Lakini hadithi hata kompyuta inatunga."

Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Dk. Zabron akaniuliza, "Mama yako ana urefu gani?"

"Kama mimi. Tunaazimana magauni."

Akatoa futi kwenye mkoba. "Hebu simama. Nyoosha mikono."

Nikasimama mbele yao mikono nimeitanua kama msalaba. Akashika ncha moja kwenye kidole changu, akaivuta futi mpaka kidole cha upande wa pili. Akamwita mwenyekiti aje asome mwenyewe, kisha akafungua ripoti kwenye ukurasa wa mashimo ya chini. Yule mama akasoma futi, akasoma ukurasa, akarudia futi. Akavua miwani.

"Shusha mikono, mwanangu," akasema. "Utachoka."

Mama, mikono yangu ni yako. Sikuwa nalijua hilo.

Dk. Zabron alinifuata nje. Akasema ana wanafunzi wengi mno, hajafika shamba la hata mmoja, na alipaswa kuniuliza tangu mwanzo shamba lililimwaje, kabla ya kunitisha. Jopo limependekeza kwamba kuanzia sasa mwalimu azungumze na mwanafunzi kwanza, ndipo kompyuta isikilizwe. Bado ni pendekezo, lakini limeandikwa. Mimi wameniambia niongeze ukurasa mmoja wa kueleza nani alilaza nyasi. Nimeandika majina yenu wote wawili.

Mwanao,
Vitalia


Litembo, 22 Julai 2025

Mwanangu Vitalia,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikakaa, nikaisoma upya. Glorious aliponiona nalia akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikamwambia, safari hii hapana. Yule bodaboda naye akauliza mchumba anasemaje. Nimemwambia amefaulu. Akakataa nauli ya kurudi na barua hii Mbinga.

Jana nilikwenda shambani. Ukisimama juu, kwenye njia ya kanisani, kumbe pale katikati upana unapobadilika panaonekana vizuri kabisa. Tangu mwaka ule nimepita hapo nikaona shamba moja tu. Fimbo ya baba yako iko nyuma ya mlango. Tukilima tena ngolo pale nitapima kwa mikono, sasa nimeshazoea, na fimbo nitaichomeka pale alipokaa.

Mahafali ni Novemba, na mvua za kupandia zitakuwa zimeanza, sitafika. Atakuja baba yako mdogo Ignatio. Ameshaanza kuazima koti, na anasema lazima viatu vilingane nalo.

Siku hiyo, ukishavaa lile joho la mikono mipana, inyooshe mara moja, hata wenzako wakikucheka. Unikumbuke.

Mama yako