Damu Isiyo na Haraka

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mgongo umepunguza ukorofi. Mimi sijambo. Goti halijavimba tangu nirudi shuleni, na dawa zangu ziko salama kwenye friji ya ofisi ya walimu, ubavuni mwa soda za mkuu wa shule. Nakuandikia kwa kuwa umekataa kunisikiliza kwenye simu, eti kwenye simu kila siku mimi "niko poa".

Wiki hii nimefundisha damu. Nimewaeleza wanafunzi kwamba chembe zake huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho: nyekundu za kubeba hewa, nyeupe za kupigana na maradhi, na chembe sahani za kuziba jeraha. Nilipofika kwenye kuganda nikakukumbuka wewe na makochi ya wateja unayoyashona. Mtu akijikata, chembe sahani hukimbilia kwenye tundu na kujishindilia kama sponji. Kisha huja nyuzi nyembamba za kushona kila kitu kishike. Mimi sponji ninayo. Uzi ndio mbovu, maana damu yangu imekosa kitu kimoja tu cha kuutengeneza. Mwanafunzi mmoja akauliza mtu ambaye damu yake haigandi anaishije. Nikamjibu, "Kwa adabu." Darasa likacheka.

Sasa la moyoni. Yule dada niliyekutajia, Mwalimu wa Hesabu, nampenda, naye ananipenda, na ameanza kuzungumzia ndoa. Hajui lolote kuhusu ugonjwa wangu. Michubuko nimemwambia ni ya mpira. Nimepiga hesabu, Mama. Nikizaa wa kiume, hataupata kwangu. Nikizaa wa kike, lazima aibebe hemofilia hii kama ulivyoibeba wewe, na watoto wake wa kiume watakuwa wa kubahatisha. Siwezi kumrithisha binti yangu hofu yako. Nimeamua kumwacha kabla mambo hayajafika mbali.

Na nikuulize jambo ambalo sijawahi kuthubutu. Ungejua mapema, ungenizaa?

Mwanao


13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Nina makochi ya daktari wa meno hapa, anataka kitambaa cheupe na ana watoto wanne. Nimemshauri, hasikii.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaitoa nikaisoma tena. Kwanza, mpira gani? Wewe hata mpira wa kutazama nilikuwa nakukalisha mbali na uwanja. Acha kumdanganya mtoto wa watu. Mwambie kweli, kisha mwache aamue yeye. Usimwamulie.

Ulipoanza kutambaa ulikuwa unatoka madoa meusi mwili mzima, na majirani wakasema nakupiga. Nesi mmoja alinitoa nje ili akuhoji peke yako, na wewe hata kusema hujui! Kaka yangu, mjomba wako, alikufa na miaka saba kwa sababu ya jino lililong'oka. Jino la utoto. Hakuna aliyetueleza kitu, sasa ningejuaje kwamba ugonjwa nimeubeba mimi? Mpaka siku ulipojing'ata ulimi, damu ikakataa kusimama, ndipo tukampata daktari aliyeutaja kwa jina. Nilirudi nyumbani nikashonea sponji kila kona ya meza, kwenye vizingiti, na kwenye magoti ya suruali zako zote. Watu walinicheka. Nikacheka nao, maana ulikuwa hai.

Swali lako nimelisikia. Leo silijibu.

Mama yako


2 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimemwambia. Tulikuwa tunasahihisha mitihani, nikamweleza yote, mpaka hesabu ya mabinti, na kwamba ni heri tuachane. Akafunika kalamu, akakusanya karatasi zake, akatoka. Tangu hapo ananisalimia kama mkaguzi wa shule. Nadhani nimejibiwa.

Usihangaike. Niko poa.

Mwanao


7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. "Niko poa" umeanza na kuiandika?

Kula vizuri. Jichome dawa zako kwa wakati. Na mtu akinyamaza si lazima awe amekataa. Mimi mwenyewe nina swali lako hapa na bado nimenyamaza.

Mama yako


29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nimekuandikia, hukujibu. Simu yako haipatikani. Makochi ya daktari nimeyaacha nusu, mikono haitaki kazi. Nijibu hata neno moja.

Mama


10 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe sana. Niliteleza kwenye ngazi za maktaba. Simu ikavunjika, na nyonga ikajaa damu kwa ndani hata kukaa nikashindwa. Nililazwa hospitali, nikachomwa dawa, na sasa natembea kwa fimbo. Usije mbio, hatari imepita.

Aliyenikuta pale chini ni Mwalimu wa Hesabu. Hakupiga kelele. Alikimbilia friji, akaja na dawa, akachanganya unga na maji yake bila kutikisa chupa, kama inavyotakiwa, akanishikia mkono nijichome. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Kumbe siku zile zote za kunisalimia kwa ubaridi alikuwa anakwenda kliniki kuwauliza manesi.

"Hesabu yako ni sahihi," akaniambia, "ila umejibu swali ambalo sikukuuliza." Alikuwa amekasirika, Mama, si kwa ugonjwa, ila kwa kuachwa bila kuulizwa. Anasema tukipata binti, atajua tangu mwanzo, na wanawe wakiupata watakuta dawa inawasubiri. Lakini bado naogopa, naye amegundua. Akaniuliza, "Mama yako anasemaje?" Nikamwambia hujasema.

Tunakusubiri. Ukishindwa kunijibu nitaelewa.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimelia, nikakasirika, nikashukuru, ndipo nikashika kalamu. Pole na nyonga.

Nilitaka kukujibu kwamba ningekuzaa tu, bila kufikiri mara mbili. Mama yeyote angejibu hivyo. Lakini kwangu si kweli. Ungeniuliza kabla, mimi niliyemwona kaka yangu akiisha kwa jino moja, ningesema hapana. Ningekataa, mwanangu. Na leo ningekuwa mwanamke mwenye amani zake, asiyejua amekosa nini. Nikifikiria hivyo naingiwa na baridi, naacha kazi, naenda kusimama mlangoni mpaka ipite.

Kwa hiyo usimuulize yule mama wa wakati ule. Alikuwa hakujui. Niulize mimi niliyekulea, ninayejua unavyobisha na unavyocheka kabla hujamaliza kuchekesha. Mimi ningekuzaa mara kumi, na mara zote ningeogopa hivihivi.

Huyo binti unayemkataa kabla hajazaliwa, wewe pia humjui bado.

Mwambie mwenzio asinisalimie kupitia kwako. Aniandikie mwenyewe. Na likizo mje wote wawili, nimeshatandika.

Mama yenu