Mbegu za Mama Reverien

Jumanne, 5 Oktoba 1976
Makere. Mvua ya kwanza imenyesha. Matanga ya mke wangu Theodosia yaliisha juzi. Leo nimeinama uvunguni kutoa chungu chake cha mbegu – kitupu! Maharage yale aliyafunga kwenye pindo la kitenge tulipokimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Masufuria aliyaacha, mbegu akabeba.

Pelagia, mke wa mwanangu Reverien, anasema aliyapika siku wageni wa Kitahana walipofika msibani. Jikoni hakukuwa na kitu. Akayakuta, akayaosha majivu ya kuzuia wadudu, akayaweka motoni. Nami nilikula, tena nikaongezewa. Lakini mdomo wangu huu! Nimemwambia mwanangu hakuoa mke, alioa hasara. Mbele ya Pelagia mwenyewe na binti yao Esteri.

Jumatano, 6 Oktoba
Pelagia ameondoka asubuhi na Esteri, kwao Rungwe Mpya. Reverien hasemi nami. Chai nimepika mwenyewe, mbaya.

Ijumaa, 8 Oktoba
Baiskeli hadi Kasulu, dukani kwa Hilali, kununua chumvi. Mkewe Mwanaamina kanipa pole, kauliza mbona nimekonda hivi. Nikamweleza yote. Akaingia ndani, akatoka na kibaba cha maharage ya madoadoa. Ni yale yale! Kumbe mama Reverien alimpa mbegu mwaka juzi, akamfundisha kuzipanda nyuma ya duka.

Miaka thelathini na mmoja nimemgombeza mwanamke yule kwamba anagawa vitu ovyo. Alikuwa akiitikia "ndiyo, bwana," kisha anagawa. Namshukuru Mungu kwa ukaidi wake. Aliniuguza, alinizalia, wajukuu aliwabeba mgongoni hadi shambani. Kunyamaza tu ndiko alikoshindwa kunifundisha. Nimelia nikisukuma baiskeli mlimani, na watu wameniona.

Jumapili, 10 Oktoba
Rungwe Mpya. Naandikia uani kwa wakwe. Si kawaida mtu wa umri wangu kuja kuomba radhi kwa mkwewe, najua, ila nimekuja. Nimesema mbele ya wazazi wake: binti yangu, nilikosa mimi, maharage hayana kosa. Mama mkwe wako angekucheka kidogo, basi. Nikampa mfuko wa yale maharage ya Mwanaamina.

Pelagia kapokea. Kakaa mkekani, kayachambua polepole, kisha kachota viganja viwili vizima, kampa mama yake mzazi. Kwanza jirani, ndipo shamba – mke wangu alifanya hivyo kila msimu. Kumbe huyu alikuwa akimtazama miaka yote.

Zamani ningefoka. Leo nimejisikia nikisema: mwongeze mama yako, hayo machache.

Pelagia kaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kachota tena. Sasa wako ndani na mama yake, wanaongea kwa sauti ya chini. Esteri kaniletea togwa. Wingu linajikusanya upande wa Makere, na Pelagia bado hajasema kama tunarudi wote.