Chungu cha Mama Kimetupatia Mama Mdogo

Tumaini, tuna mama mdogo, mzima kabisa na ana kelele kuliko wewe! Hujambo lakini, mdogo wangu?

Siku mbili tumezunguka ufukwe huu wa Matema tukiulizia ukoo wa marehemu mama, ule tuliosimangwa kwamba haupo. Tukitaja jina lake, watu wanatutazama tu. Kumbe ni jina la ubatizo, alilipata huko huko Morogoro alikoolewa! Ndipo mwanangu Atupele (unakijua kichwa chake, hakukirithi kwa baba yake) akatoa kile chungu cha mama, akampa bibi mmoja mfinyanzi sokoni. Bibi hata nakshi hakuzitazama. Aliingiza mkono ndani, akapapasa, akasema, "Huyu alifinyanga kwa mkono wa kushoto. Hapa kwetu alikuwa mmoja tu, dada yangu. Nilidhani alikufa bila mtoto."

"Ndiye mama yetu," nikamwambia, "na watoto wake tupo wanne."

Akalia, kisha akanigombeza eti nimekonda!

Tumekula wali na samaki mbasa mpaka nimelegeza kanga. Nibusie watoto wote. Mama mdogo anawataka nyote hapa Jumatatu ya Pasaka.